Kumi na Saba ya Betueli

Dadu ilipogonga ubao wa kasha na kutulia, katika Baraza zima la Itamba ni mimi peke yangu niliyekuwa na ruhusa ya kutazama ndani. Niliinua kifuniko cha ngozi nusu, kama sheria inavyotaka, nikachungulia. Kumi na saba. Kizingiti nilichokiweka mwenyewe asubuhi ile mbele ya mashahidi kilikuwa kumi na nne.

Kaka yangu Betueli, aliyeomba kusamehewa, alikuwa ameshinda. Miaka kumi na tisa mama yetu hajamsemesha, na sasa alikuwa ameshinda kwa pointi tatu za ziada, amesimama pale na koti lake la kazini, hajui.

Nikafunga kifuniko.

"Nane," nikasema.

Karani Ngailo akaandika nane. Ni mtu mwema, Ngailo, ana mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, na nane yake ilikuwa nzuri kabisa, mviringo juu ya mviringo. Hakuigusa mashine yake. Ombi likishindwa, mashine haina kazi.

Likishinda, ndipo inapofanya kazi. Kila mtu mzima wa nyanda hizi ana punje nyuma ya sikio, ndogo kuliko mbegu ya ulezi. Karani anabonyeza namba, punje inaamka, na yule aliyeombwa anakubali. Msifikiri anaburutwa. Anakubali kweli, kwa moyo mweupe, kama mtu ambaye tangu jana alikuwa anatafuta tu nafasi ya kukubali. Nimeona majirani waliotoleana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba wakitoka mle ndani wameshikana mikono. Nimeona na mengine.

Mama alikuwa ameketi mbele yetu kwenye kiti cha mwombwaji, kitenge kimefungwa hadi kidevuni kwa sababu ya baridi. Aliposikia nane alishusha pumzi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu Itamba aliyewahi kumwona akilifanya. Alimgeukia Betueli, akamtazama usoni.

"Haya, mwanangu," akasema. "Dadu yao imekataa. Sasa niambie."

Mwanangu! Mji mzima unamwita Mama Betueli, kwa jina la huyu huyu kifungua mimba wake, naye kwa miaka kumi na tisa ameitika jina hilo bila kumtazama mwenye jina. Nikaona taya la kaka linaanza kutikisika, lile tetemeko ninalolijua tangu utoto, la neno linalopanda na kuteleza, linapanda tena.

Ngailo akagonga meza.

"Samahani, Mama Betueli. Hii ilikuwa mara ya tatu. Mlango umefungwa. Mwombaji haruhusiwi kurudia ombi lake, si kwa dadu wala kwa mdomo. Kifungu cha tisa."

Betueli akafunga mdomo. Akainamisha kichwa kwa Mama, kwa Ngailo, halafu kwangu. Kwangu mimi! Akatoka.

* * *

Kifungu cha tisa nilikiandika nikiwa na miaka kumi na tano, kwa kalamu ya wino wa kijani, kwa sababu binamu yetu mmoja akishindwa alikuwa hakubali kuacha kurusha.

Ulikuwa mchezo. Msimu wa baridi, jikoni kwetu, watoto wanne kuzunguka meza. Mimi nilikuwa msimulizi: mmefika kwenye lango la ngome, walinzi wanne, wamekataa kufungua, mnafanyaje? Anayetaka kupigana anarusha dadu. Anayetaka kubembeleza anaongea, na mimi ndiye mlinzi, nikishawishika nafungua. Betueli kila mara alichagua kuwa mshenga. Angeweza kuwa shujaa mwenye rungu, angeweza kuwa mganga, lakini hapana, alitaka kuwa mshenga wa mfalme, mtu wa maneno, yeye ambaye kusema "shikamoo" kulimchukua muda wa kuvuka uwanja. Akianza tu kubembeleza walinzi, wenzake wanacheka, au wanammalizia sentensi, ambayo ni mbaya zaidi.

Basi nikaandika kanuni mpya kwenye daftari: anayeomba haongei, anarusha. Betueli akarusha, akapata kumi na nane, nikamfungulia lango. Sijawahi kuona furaha kama ile usoni mwa mtu. Nilijiona nimefanya wema mkubwa.

Ningelichoma moto daftari lile, leo ningekuwa bibi tu anayelima viazi.

Aliyezaliwa juzi hawezi kuijua miaka ya sauti za kuazima. Mashine zilijifunza kuongea kuliko watu. Simu inaita, ni shangazi yako, sauti yake, kikohozi chake, anakulilia, anakuchekesha, na ukikata simu umeshagawa shamba kwa mtu asiyekuwepo. Marehemu walipiga simu. Watu wakaichukia midomo mitamu yote, ya mashine na ya binadamu, na katika hali hiyo mjinga mmoja, yaani mimi, akapeleka daftari lake la utotoni kwenye kamati ya usuluhishi ya kijiji. Nikawaambia: dadu ya jiwe, pande ishirini, inarushwa kwa mkono. Haina sauti. Mwenye ulimi na asiye na ulimi ni sawa mbele yake. Ikafanya kazi kwenye mipaka ya mashamba, ikapanda wilayani, ikaendelea kupanda. Punje zilikuja baadaye kutoka kwa watu wenye elimu kuliko yangu, maana walisema uamuzi bila utekelezaji ni porojo. Mimi wakanipa kiti cha mwamuzi, nimekikalia miaka kumi na mmoja.

Na daftari walilichukua lote, mpaka pazia. Mezani kwetu nilikuwa na kipande cha katoni ya sabuni nilichokisimamisha ili wenzangu wasione dadu imeangukaje. Wazee wa kamati hawakuniuliza katoni ni ya nini. Walidhani kilichoandikwa kina sababu, wakakitengenezea kasha la mninga na kifuniko cha ngozi. Nami niliona aibu kuwaambia kwamba sababu yake ilikuwa kudanganya. Msimulizi anayependa watu wake huwadanganya: aliyechoka kushindwa, unamwambia umepata kumi na sita.

Ila Barazani sikuwahi. Miaka kumi na mmoja, maamuzi mia sita na kumi na mawili, nilisema nilichokiona. Nane ya Betueli ilikuwa ya kwanza.

Niliisema kwa ajili ya Mama. Jana yake mchana nilimkuta anapepeta maharage uani, akaniambia bila kuinua macho, "Eze, kesho ukiona namba kubwa humo ndani, usiiseme."

"Mama, hilo ni kosa la jinai."

"Najua ni kosa. Sikukuuliza kama ni kosa."

"Betueli ana haki yake."

"Ana haki, na mimi nina nini?" Akaweka ungo chini. "Nilimzaa kigugumizi, Eze, sikumzaa bubu. Nataka aniambie kwa mdomo wake kwa nini alimlaza baba yenu kwenye udongo wa watu. Mume wangu ana nafasi pale nyuma ya nyumba, pembeni ya baba yake, mpaka leo ni majani matupu. Mtoto ananipigia simu, nasikia ba, ba, ba, simu inakata, na habari naja kuipata kwa mpita njia kwamba mume wangu ameshazikwa. Mwezi mzima baadaye anakuja kusimama mlangoni kama mti."

"Alikuandikia barua, Mama. Hukuifungua."

"Barua! Mwaka ule hata maiti walikuwa wanaandika barua." Akakohoa, mkono kifuani. Kifua chake hakikuwa kizuri tangu mwanzo wa mwaka. "Wakiniamshia hiyo punje yao nitamsamehe, sawa. Nitamsamehe bila kujua nimemsamehe nini. Sitaki kufa nimelainishwa kama ugali wa mgonjwa. Nataka kujua."

Punje haichambui. Ukiiambia ing'oe kinyongo, inang'oa na kila kilichoota pamoja nacho. Nilikuwa nimeona Barazani mwanamke aliyesamehe dereva aliyemgongea mtoto. Baada ya mwezi alikuwa amesahau kwenda kaburini. Hakusahau kaburi liko wapi. Hakuona tu sababu ya kwenda.

Kwa hiyo nilisema nane. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kifungu cha tisa watu wanakivunja kila siku majikoni kwao, na hakuna askari anayekaa jikoni. Dadu ikikataa, kaka ataingia kwa mlango wa uani siku yoyote, atasimama mbele ya Mama, atang'ang'ana na maneno mpaka yatoke. Nilisahau namhesabia nani. Betueli ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye sheria hii iliwahi kumfurahisha. Hangeivunja hata kwa kukohoa.

* * *

Wiki tisa zikapita. Kila siku saa nne asubuhi Mama alitaka kiti chake kisogezwe dirishani, panapoonekana njia ya kutoka barabarani.

"Hajapita?"

"Hajapita, Mama."

Alianza kuvaa viatu vya kanisani ili asije akakutwa na kandambili. Daktari alikuja mara mbili, mara ya pili akaniita nje, akaniambia mapafu yamechoka, tusihesabu miezi mingi. Nilimwandikia Betueli: njoo nyumbani tu, usiogope. Jibu lake lilikuwa maneno mawili. Mlango umefungwa. Nikaandika tena, Mama anaumwa. Akatuma blanketi, dawa ya kifua na gunia la mkaa.

Nikapanda mlimani mwenyewe. Betueli ni fundi wa mitambo ya upepo juu kwenye mgongo wa Kipengere, kazi aliyoichagua kwa sababu mapangaboi hayaulizi maswali. Anaishi peke yake kwenye nyumba ya bati chini ya nguzo ya saba. Nilimkuta anapaka grisi kwenye beringi kubwa kama sinia ya pilau.

"Kamwene, kaka."

Akaitikia kwa kichwa, akafuta mikono, akanipa kigoda na uji wa moto. Nikanywa nusu kikombe. Nikamwambia Mama anamngoja dirishani kila siku.

Akatikisa kichwa. Akanyoosha vidole vitatu: mara tatu.

"Achana na mara tatu! Ni mama yako. Njoo jikoni, mwambie, basi. Nani atakushtaki?"

"Ni-nilipata n-nane," akasema. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja kimo chake.

Hapo nilielewa kwamba ningeweza kubembeleza mpaka jioni na asingetoka pale. Aliamini nane yangu kuliko alivyowahi kuamini kitu chochote kilichotoka kinywani mwa mtu, kwa sababu haikutoka kinywani mwa mtu, ilitoka kwenye dadu. Nami nilikuwa na njia mbili tu. Ninyamaze, Mama afe anatazama njia. Au niseme, na nikisema namkabidhi Mama kwenye ile mashine aliyonisihi nimwepushe nayo. Nilitaka sana iwepo njia ya tatu. Nilitafuta humo kwenye uji mpaka ukapoa.

"Hukupata nane," nikasema. "Ulipata kumi na saba."

Kitambaa cha grisi kikabaki hewani mkononi mwake.

Nikaongea. Jamani, niliongea! Nilimweleza Mama alichosema, neno kwa neno. Nilimweleza punje inavyofanya, na yule mwanamke wa kaburi. Nilimwomba asiidai kumi na saba yake, ashuke tu na mimi sasa hivi, aongee na Mama wakati Mama bado ana swali lake. Nililia mahali pa kulia na nikashusha sauti mahali pa kushusha. Nusu saa nzima. Yalikuwa maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasema, na nilipokuwa nayasema nilijua kwamba sheria yetu ilitungwa dhidi ya watu kama mimi.

Betueli akangoja. Siku zote anawangoja watu wamalize.

"Um-umemaliza?"

"Nimemaliza."

"A-ameniita mwa-mwanangu. Ni-nilisikia." Akaketi kwenye beringi lake. Kilichofuata kilimchukua muda mrefu na sikumsaidia hata herufi moja. Alisema anamwogopa Mama akiwa na hasira. Akimwona vile, mdomo unafunga, ndivyo ulivyofunga mlangoni mwaka ule, na hata Barazani ungefunga, alijua. Angeweza kuongea mbele ya uso uliolainika, si mbele ya ule mwingine. "Kwa-kwanza haki yangu. Ha-halafu nita-nitamwambia."

"Akishalainika hatataka kujua, Betueli."

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua mambo.

"Ni ma-mama," akasema. "A-atataka."

* * *

"Dada Ezelina," Ngailo akasema, "unajua unachokiandikisha hapa?"

Nilijua. Aliniuliza mara ya pili, na mara ya tatu, mwishowe akaandika. Mwandiko wake haukuwa mzuri siku ile. Aliponiambia nivue beji nikavua. Akanieleza kwa sauti ya chini, kama anayeniletea habari ya msiba, kwamba maamuzi yangu yote mia sita na kumi na mawili yatafunguliwa, na kila aliyewahi kushindwa mbele yangu atakuja kuuliza kama alishindwa kweli. Nikamwambia waje. Kitu pekee nilichotaka kujua ni saa ya utekelezaji.

"Saa sita kamili. Mwombaji ameshakubali."

Betueli alikuwa nje kwenye benchi, anatazama vidole vyake, midomo inachezacheza bila sauti. Alikuwa anafanya mazoezi.

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Nilikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na saba, nikapita sokoni watu wakanishangaa, nikamkuta Mama dirishani na viatu vyake vya kanisani.

"Mama, nimesema. Ilikuwa kumi na saba, na nimesema. Saa sita utamsamehe."

Nilidhani atanipiga. Alinitazama tu, halafu akatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na mbili.

"Kisu," akasema.

"Mama, hapana. Punje iko karibu na mshipa."

"Basi kalamu. Andika swali langu. Upesi."

Nikararua karatasi ya kalenda, nikaandika kwa herufi kubwa alivyonitajia: KWA NINI ULIMZIKA UGENINI, NA ALISEMA NINI KABLA YA KUFA. Akanipokonya, akaikunja, akaifunga ndani ya kiganja, akakifunika kiganja kwa kiganja kingine. Akaanza kuyarudia maneno yale kwa sauti. Aliyarudia akiwa ameikazia macho mikono yake iliyofumbatana, na kila mara sauti ilikuwa kali zaidi, ya mwenye swali anayejua anaibiwa. Nilimshika mabega. Nilimwomba radhi, lakini hakuwa na nafasi ya kunisikia.

Saa sita ilipofika aliishia katikati ya neno.

Kwanza mabega yalishuka. Halafu makunyanzi ya kipaji cha uso, yale mawili yaliyosimama wima ambayo nimeyaona tangu nikiwa na miaka thelathini na nane, yakafunguka. Akapumua. Akanitabasamia, tabasamu zuri, la mama yangu wa zamani, na mimi nikashikwa na woga.

"Mbona umenishika hivyo, Eze? Nimekuwa mtoto?" Akafungua kiganja, akaisoma karatasi taratibu. "Aa, hili. Mambo ya kale haya." Akaikunja mara nne, akainama, akaisokomeza chini ya mguu wa meza unaochezacheza, akaijaribu meza kwa mkono. "Sasa imetulia. Weka chai, Betueli atakuwa anakuja."

Hakuwa amesahau kitu. Ukimuuliza mume wake alizikwa wapi, alikujibu, na mwaka, na mvua za mwaka ule. Vyote vilikuwepo. Alikuwa tu havihitaji tena.

Kaka alifika saa sita na nusu. Alipita mlango wa mbele, ule ule aliposimama mwaka ule kama mti, na Mama akainuka bila msaada, akamkumbatia, akamshika mashavu. Alimwuliza kama anakula vizuri. Alimwuliza kama huko mlimani kuna baridi. Betueli alilia bila kujificha, na kwa dakika chache, nisiseme uongo, nilidhani yeye ndiye aliyekuwa sahihi na mimi mjinga.

Akaketi mbele ya Mama. Akaweka mikono magotini.

"Ma-Mama," akasema. "Si-siku ile. Ba-Ba-Baba..."

"Kunywa chai, mwanangu, itapoa."

"Ba-Baba a-alisema..."

"Ya nini hayo? Yameshapita. Eze, mletee na viazi."

Sikuinuka. Nilimwambia, "Mama, msikilize," na Mama akasema, "Namsikiliza, kwani nimemzuia?" akajiegemeza kwenye kiti, uso umejaa wema, akatulia kusikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

Na Betueli akasema. Ilimchukua karibu robo saa. Kuna neno lilimkwamisha mpaka jasho likamtoka, akaliacha, akalizunguka, akalirudia, akalishinda. Alisema mvua zilikuwa zimekata barabara pande zote mbili na dereva aliyejitolea alikuwa na watoto watano. Alisema Baba mwenyewe, usiku wake wa mwisho, alimshika mkono akamwambia usinirudishe, mtakufa wote njiani, nizike hapa hapa. Alisema Baba alimwapisha asimwambie mtu mwingine yeyote kabla ya Mama, ndiyo maana hata mimi dada yake sikujua. Mwambie mama yako ni mimi niliyetaka, asikulaumu. Mwambie ile nafasi ya nyuma ya nyumba asimpe mtu, aje alale yeye, mimi nitamtafuta. Mwambie nimemtaja jina lake, si Mama Betueli, jina lake.

Akalitaja jina la Mama, Tumwene. Lilitoka safi, bila kukwama hata kidogo.

Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kanga. Maneno ya baba yangu yalikuwa yamekaa kinywani mwa kaka yangu miaka kumi na tisa, yakimngoja mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mbele yake, ana masikio mazima na akili timamu.

"Pole, mwanangu," Mama akasema, kwa upole kabisa. Akamsogezea kikombe. "Na huko njiani leo, hakukuwa na tope?"

Betueli alimtazama kwa muda. Alimtazama mdomo, macho, kipaji cha uso kilichonyooka. Kisha akanigeukia mimi.

"A-amesikia?"

"Amesikia," nikasema.